"Nshomile": Sifa, Utani au Tusi?

Mwanafunzi kutoka Bukoba akifika chuoni hana haja ya kujieleza sana. Akitaja tu jina lake, tuseme Rwegasira, atasikia sauti kutoka viti vya nyuma: "Aa, Nshomile!" Darasa litacheka, naye atacheka. Mimi ni mtu wa Maruku na nimecheka hivyo mara nyingi. Makala haya yanauliza: jina hili wanaloitwa Wahaya ni la mapenzi au ni tusi?

Hebu tuanze na neno lenyewe, maana wahakiki tuna tabia ya kurukia maudhui. "Nshomile" ni sentensi kamili ya Kihaya: n- ni mimi, -shom- ni soma, -ile ni alama ya jambo lililokwisha kutendeka. Nimesoma. Sasa tazama ajabu yake. Majina mengi ya utani humtaja mtu kutoka nje, kwa umbo lake au chakula chake. Hili linamtia mtu maneno mdomoni, kisha linamcheka kwa kuyasema. Kwa lugha yetu ya darasani hiyo ni kejeli: anayetamka ni mmoja, sauti ni mbili.

Je, Wahaya walikuwa na sababu ya kusema hivyo? Ndiyo. Mapadri wa White Fathers walifungua misheni Kashozi mwaka 1892 wakitokea Buganda, ambako waongofu waliitwa "abasomi", yaani wasomaji. Kusoma na kuongoka vilikuwa karibu kitu kimoja. Baadaye zikaja seminari ya Rubya na shule ya Ihungo. Kahawa ikashamiri miaka ya 1920, na fedha yake ikalipa karo. Mwaka 1924 watu wa huko walikwisha unda Bukoba Bahaya Union, chama cha kudai maendeleo. Mwaka 1960 Laurean Rugambwa akawa Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali. Mwaka 1973 Justinian Rweyemamu akatoa kitabu chake juu ya uchumi wa Tanzania ambacho wengi wetu tumekisoma kwa jasho. Kwa historia hiyo, "nshomile" ni taarifa ya kweli.

Lakini ni kweli ya nani? Wavulana walisoma kuliko wasichana. Wenye kibanja kizuri cha kahawa walisomesha kuliko wasiokuwa nacho. Na hadi miaka ya 1960 palikuwa na nyarubanja, ambapo mkulima alikaa kwenye ardhi ya bwana na kumtolea malipo. Mkulima yule hakuwahi kusema "nshomile". Jina linalomfunika pamoja na bwana wake linafuta historia ya matabaka, hata likisemwa kwa tabasamu.

Taifa nalo lilibadilika. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Tangu hapo "msomi" likawa neno la kushukiwa: anayekula jasho la wengine na bado analalamika. Halafu nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyoachwa nyuma na wakoloni ipate haki yake. Sera hiyo ilikuwa na busara. Hata hivyo naona ndipo "Nshomile" lilipopata ncha yake: mwenye kuringa, aliyekwisha pata zaidi ya fungu lake.

Wengine watasema, ah, huu ni utani tu, na Watanzania tunataniana. Sawa. Lakini utani wa asili una kanuni. Wangoni na Wahehe walipigana karne ya 19, na leo ni watani. Mngoni akimchokoza Mhehe, Mhehe anajibu, na hakuna anayekasirika. Utani ni wa pande mbili. Linganisha pia na jina la utani la taifa zima, Bongo. Nalo linasifu kichwa: hapa mtu huishi kwa ubongo. Hakuna Mtanzania anayeona ametukanwa, kwa sababu sisi wenyewe ndio tunaolisema, na linatuhusu sote, profesa na muuza karanga.

Mama yangu mdogo aliacha shule darasa la nne ili kaka zake waendelee. Mwaka mmoja nilimsindikiza ofisi fulani Dar es Salaam. Alipoomba kuweka dole gumba badala ya sahihi, karani aliangalia jina akasema kwa sauti: "Yaani Nshomile mzima hajui kuandika?" Foleni nzima ikacheka. Mama alijibu taratibu: "Mimi sikusoma, mwanangu. Nilisomesha." Karani hakuwa na la kusema.

Kwa maoni yangu, basi, swali la tusi au mapenzi halijibiwi na kamusi. Tuulize nani anasema, na anayeitwa ana nafasi gani ya kujibu. Rafiki yangu wa bwenini akiniita Nshomile, ninamjibu, tunamaliza. Yule aliye nyuma ya dirisha la ofisi, mwenye mhuri mkononi, hana haki hiyo. Na sisi wa Maruku tunaolipokea jina hili kwa majivuno, tukumbuke karo zetu zilitoka mikononi mwa nani.