Lamalera, kijiji kinachogawana nyangumi

Indonesia ni nchi ya visiwa. Vyote pamoja vinapita 17,000. Wakaaji wake wengi ni Waislamu. Lakini upande wa mashariki, katika Flores na visiwa vilivyo karibu, kuna Wakatoliki wengi. Kupita Flores, kuelekea mawio ya jua, ndipo kilipo kisiwa cha Lembata. Katika pwani yake ya kusini, chini ya mlima mkali, kuna kijiji kiitwacho Lamalera. Watu wake ni elfu mbili hivi. Hawana mashamba ya kutosha, hawana mali nyingi. Tena, kwa muda mrefu sana wameishi kwa sheria moja: anachokipata mmoja baharini ni chakula cha wengi. Basi, tutazame jinsi sheria hiyo ilivyowalinda, na kama itaweza kuwalinda bado.

Watu wa mawe na maji

Wazee wa Lamalera husimulia kwamba mababu zao walitoka katika kisiwa kingine, jina lake Lapan Batan, ambacho kilimezwa na bahari. Walipofika Lembata walikuta wenyeji. Wakapewa mahali pa kukaa ufukoni, penye mawe na mteremko. Mahindi hayawezi kuwatosha watu huko. Wafanye nini? Wakageukia bahari.

Bahari hiyo ina kina kirefu, na nyangumi hupita karibu na nchi kavu. Nyangumi si samaki, ingawa anaogelea kama samaki. Anavuta pumzi kwa mapafu na kunyonyesha mtoto wake. Yule anayewindwa zaidi Lamalera ana meno na kichwa kikubwa mno, na dume aliyekomaa hupata urefu wa mita 15 na kupita. Lakini nyangumi mkubwa wa buluu hawamgusi. Husimulia kwamba zamani mmoja wa aina hiyo alimwokoa babu yao baharini. Kumwua kungekuwa kukosa shukrani.

Mashua yao huitwa tena. Mbao zake hufungwa kwa vijiti vya mti, bila msumari hata mmoja, na tanga la zamani lilisukwa kwa majani ya mtende. Mbele ya mashua kuna jukwaa dogo. Juu yake husimama mrusha chusa, ambaye wao humwita lamafa. Mashua inapomkaribia nyangumi, lamafa hashiki chusa na kukitupa kwa mbali. Anaruka pamoja nacho, ili uzito wa mwili wake uingize chuma katika mgongo wa mnyama. Halafu anaogelea kurudi kwa wenzake. Kazi hiyo imeua watu. Mwaka 1994 nyangumi aliwavuta wavuvi wa Lamalera mbali sana na kwao, mpaka kisiwa kisionekane tena. Baadhi yao waliokolewa na meli ya watalii iliyopita.

Nyama ya nani?

Nyangumi akiisha kuvutwa ufukoni, mgeni angedhani watu watamkimbilia kwa visu. Sivyo. Kila sehemu ya mwili ina mwenyewe tangu zamani. Kuna fungu la lamafa, la wapiga makasia, la fundi wa mashua, la mfua chuma, la watu wa ukoo wenye mashua, na la wenyeji wa kwanza wa ardhi. Na kila mwenye fungu anadaiwa na ndugu zake. Mjane na yatima, ambao hawana mtu wa kuwaendea baharini, nao wanapata kula. Ndiyo sababu mtu wa huko akiomba nyangumi, huwataja wajane na yatima kwanza.

Nyama hukatwa vipande virefu na kuanikwa juani. Kisha ni zamu ya kina mama. Wanabeba vipande vichwani, wanapanda milimani kwa miguu, na kubadilishana na wakulima. Kipimo kinachojulikana ni kipande kimoja kwa mahindi 12 au ndizi 12. Katika kijiji jirani cha Wulandoni kuna soko la Jumamosi ambamo biashara hufanyika hivi bila fedha. Kwa njia hiyo mtu wa mlimani anakula samaki, mtu wa pwani anakula mahindi. Wanaume wanasifiwa kwa chusa, lakini bila miguu ya wake zao nyama peke yake isingelisha kijiji.

Misa ya ufukoni

Habari ya Injili katika visiwa hivi ni ya zamani. Wadominiko wa Ureno walijenga ngome katika kisiwa cha jirani cha Solor mwaka 1566. Lakini Lamalera ilingoja. Mwaka 1886 padri Mjezuiti alifika na kubatiza watoto. Mwaka 1920 akaja Padri Bernhard Bode, Mjerumani wa Shirika la Neno la Mungu, akakaa kijijini. Kanisa likasimama, na watoto wakafundishwa kusoma.

Desturi nyingine zikaachwa, nyingine zikaungana na sala. Kila mwaka, kabla ya majira ya uwindaji, wanawaombea marehemu waliofia baharini. Kisha tarehe 1 Mei padri anasoma Misa ufukoni na kubariki mashua.

Shule nayo ilizaa matunda. Gorys Keraf, aliyezaliwa Lamalera mwaka 1936, akawa mwalimu mkubwa wa lugha, na vitabu vyake vilisomwa katika Indonesia yote. Sonny Keraf, mtoto wa kijiji hicho pia, alikuwa waziri wa mazingira wa nchi tangu 1999 mpaka 2001.

Lakini tuseme kweli: matunda hayo yalianguka mbali na mti. Mtoto aliyesoma sana haoni kazi ya elimu yake kijijini. Anakwenda mjini, na mashua inakosa mpiga kasia.

Mashine na sheria

Mwaka 1973 shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo lilileta mwindaji kutoka Norwe na chombo cha kisasa, ili Lamalera ijifunze kuwinda kwa mashine. Mpango huo haukudumu, na kijiji kikabaki na matanga yake. Baadaye, lakini, vijana wenyewe walileta mashua ndogo za motori. Wazee wakabishana nao. Mwishowe wakapatana: motori ivute tena mpaka karibu na nyangumi, halafu iachie, na chusa kirushwe kama zamani.

Watu wa nje nao wana neno lao. Katika karne ya 20 meli za mataifa makubwa ziliua nyangumi bila kipimo. Kwa hiyo mwaka 1982 tume ya kimataifa iliamua kusimamisha uwindaji wa biashara. Indonesia haimo katika tume hiyo, na Lamalera huwinda ili ile. Hata hivyo, serikali ilipotangaza hifadhi kubwa katika Bahari ya Savu mwaka 2009, kijiji kilipinga, na bahari yao ikaachwa nje ya mipaka. Wanaotetea nyangumi wana haki ya kuuliza maswali, maana mnyama huyu huzaa polepole. Wanakijiji nao wana haki ya kuuliza watakula nini.

Lakini hatari kubwa labda haitoki nje. Nyangumi mmoja huhitaji mashua nzima, na pengine mashua nyingi. Wavu na motori huhitaji watu wachache tu. Samaki wa wavu anauzwa kwa fedha, na fedha huingia katika mfuko wa mtu mmoja. Hakuna desturi ya mababu iliyopanga fungu la mjane katika noti.

Nani atawalaumu vijana kwa kutaka fedha? Ada ya shule hailipwi kwa nyama kavu, wala dawa. Kijiji hakiwezi kurudi nyuma. Kazi yake sasa ni kukata fedha mafungu, kama mababu walivyokata nyama. Motori imekwisha kupatiwa mahali pake. Kilichobaki ni kuamua, kabla mashua hazijawa za watu binafsi, mjane atapata nini siku wavu unapojaa.