Arabuni: Ulimpa au Ulimwekea?

Katika miaka yangu ya ukarani kwa wakili hapa Mombasa nimepiga chapa mikataba mingi ya mauziano, lakini mmoja haujanitoka moyoni. Mama mmoja alinunua nyumba, akatanguliza asilimia 10. Siku 90 zikapita mkopo wa benki haujatoka. Notisi ya siku 21 nayo ikaisha. Muuzaji akavunja mkataba, fedha zikabaki kwake. Mama akaniuliza: “Mwanangu, pesa ile nilimpa au nilimwekea?”

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku hiyo.

Pesa ya kutanguliza namna hiyo huitwa arabuni. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na lina ndugu zake katika Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Sheria za Kirumi alizozikusanya mfalme Justinian mwaka 533 ziliwafunga wote wawili: mnunuzi akijitoa, arabuni imempotea, muuzaji akijitoa, anairudisha maradufu.

Maimamu wa Kiislamu nao walihitilafiana juu ya arabuni. Imam Malik wa Madina aliikataza, maana muuzaji hubaki na mali ya mwenzake bila kumpa chochote. Imam Ahmad bin Hanbal aliiruhusu, akishika habari ya Nafi bin Abdul-Harith, aliyemnunulia Khalifa Umar nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka iwe gereza, kwa sharti kwamba Umar asiporidhia, Safwan atapata 400.

Lakini sheria iliyompata mama yule ilitoka London. Mwaka 1884, katika kesi ya Howe na Smith, mnunuzi alikuwa ametanguliza pauni 500 kwa mali ya pauni 12,500, kisha akachelewa kupita kiasi. Majaji wakasema fedha hizo zina sura mbili: biashara ikitimia, ni sehemu ya bei, mnunuzi akishindwa, ni dhamana ya ahadi yake, na hana haki ya kuzidai. Sisi Kenya tulirithi hilo. Ule urejeshaji maradufu wa Warumi haukutufikia.

Hata dhamana ina mpaka. Mwaka 1993 Privy Council ya London iliamua rufaa kutoka Jamaica, ambako benki ilikuwa imeuza mali kwa mnada na kutaka asilimia 25 itangulie. Mnunuzi akachelewesha salio, benki ikazuia fedha. Majaji wakaamuru zirudishwe zote, ikatwe hasara halisi tu, kwani desturi ni asilimia 10, na kuzidisha bila sababu ya haki ni kumwadhibu mtu.

Leo ningemjibu: “Mama, ulimwekea dhamana ya neno lako. Yeye hakukuwekea dhamana ya lake.”

Ndiyo maana siku hizi, kabla mnunuzi hajatia sahihi, namsomea kifungu cha arabuni polepole, namuuliza mkopo wake umefika wapi, kisha namshauri amwombe wakili aongeze mstari mmoja: muuzaji akigeuka, arejeshe maradufu. Wauzaji wengi huukataa. Nami huendelea kuushauri.