Kutunza kucha nyumbani: kingozi cha kwenye shina hakikatwi

Tabata, kama ilivyo mitaa mingi ya Dar es Salaam, sauti ya chupa ndogo zinazogonganishwa ni tangazo tosha: mpaka rangi za kucha anapita. Kwenye kikapu chake mna rangi, asetoni, tupa ya kucha na, mara nyingi, wembe au kikatio. Bei yake ni nafuu na anakufuata hadi barazani. Hata hivyo, kabla hujanyoosha mkono, tungependa ujue jambo moja: kile kingozi chembamba kilichoshika shina la kucha si uchafu wa kuondolewa.

Kina kazi gani?

Kingozi hicho huziba upenyo kati ya ngozi na kucha, karibu na mahali kucha mpya inapotengenezwa. Kikikatwa, bakteria na fangasi hupata njia. Kidole huvimba, hupwita na kutunga usaha, hali ambayo wengi huiita mdudu wa kidole. Walio hatarini zaidi ni wale ambao mikono yao hushinda majini, kama mama lishe na wafua nguo, pamoja na wenye kisukari. Shina likiumia, kucha inaweza kuota na kasoro. Kucha ya mkono huchukua miezi 6 hivi kuota upya yote. Ya kidole gumba cha mguu, miezi 12 hadi 18.

Hata neno kyuteksi, ambalo wengi hulitumia kwa rangi ya kucha, lina asili hapo. Cutex ni chapa ya Marekani iliyoanza mwaka 1911, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa dawa ya maji ya kuondoa kingozi hicho bila kukikata. Rangi zilifuata baadaye.

Hatari ya kifaa cha wote

Wembe unaotoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine unaweza kubeba virusi vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivyo huishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata pale damu isipoonekana kwa macho. Chanjo yake ipo.

Fanya hivi nyumbani

- Loweka vidole kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5, kisha paka mafuta ya nazi.
- Sukuma kingozi nyuma taratibu kwa kitambaa laini. Usikwangue.
- Kingozi kilichochanika pembeni usikivute wala kuking'ata. Kata ncha iliyolegea tu, kwa kifaa safi.
- Asetoni hukausha kucha na ngozi. Ukishaitumia, nawa na upake mafuta.
- Dawa ya dukani ya kulainisha kingozi huwa kali. Usizidishe muda ulioandikwa, na usiipake penye kidonda.
- Soma lebo: mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Tangu Julai 2019, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), badala ya iliyokuwa TFDA.

Mpaka rangi akipita, mwite tu, naye anatafuta riziki. Mpe tupa na kikatio chako mwenyewe, na mwambie mapema: "Paka rangi, usikate ngozi." Kidole kikivimba na kutunga usaha, usikitoboe kwa sindano. Nenda zahanati.