Chuma Kinachoita Watu

Njia itokayo stesheni ya gari moshi ya Same kuelekea stendi ya mabasi nimeipita tangu utoto, hata miguu yangu imeijua pasipo msaada wa macho. Kwa hiyo nilistaajabu, asubuhi moja ya kiangazi, nilipoinua kichwa kwenye uwanja wa shule nikaona, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, kipande cha reli kikining'inia kwa waya mnene kwenye tawi la mwarobaini, na nondo fupi ya kukigongea imepachikwa katika panda la mti.

Ni kengele, mtoto yeyote atakwambia. Lakini kengele hiyo ina lugha mbili: ikigongwa taratibu hutangaza saa za masomo; ikigongwa mfululizo, pasipo kupumua, maana yake ni hatari, uwe moto au mtoto aliyepotea, na aisikiaye huacha alilo nalo mkononi akaifuata sauti. Siku hizi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa kwa namba 114, na hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo chuma hiki hakingoji chaji wala mtandao.

Reli ya Tanga, ipitayo hapa Same, ilianza kutandikwa mwaka 1893, zama za dola ya Wadachi, ikaenda kwa mwendo wa kobe: Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, kisha ikaambaa chini ya milima ya Upare hata ikawasili Moshi mwaka 1911. Haikujengwa kwa maslahi ya wenyeji, bali kuteremsha bandarini mazao ya walowezi. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoteremka kando ya milima hiyo, Wadachi waliokuwa wakirudi nyuma waliharibu njia ile ile waliyoihangaikia miaka mingi.

Reli ikichakaa hung'olewa na kukatwa. Na kwa kuwa ncha zake zimekwisha kutobolewa matundu ya bolti za kuungia, kuitundika si kazi. Ikining'inia huru, isiguse kitu ila waya, mtikisiko wa pigo moja hudumu ndani yake, na sauti husafiri mbali.

Wala Wapare si wageni wa chuma. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare, alieleza habari za Washana, ukoo wa wahunzi waliotawala Ugweno, Upare ya kaskazini, kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Na chuma cha Upare kilinunuliwa hata na Wachaga wa Kilimanjaro. Naona fahari kwamba Wapare walikitwaa chuma cha mgeni wakakipa kazi ya kuitana.

Gari moshi la abiria lilirejea katika reli hii Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20 ya ukimya. Reli inapopata uhai tena, nawasihi wenye mamlaka, kwa moyo wangu wote, wasiruhusu vipande vya reli kuukuu kama hiki cha shuleni viishie mikononi mwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Nilikipangusa kile cha mwarobaini nikitafuta jina la kiwanda na mwaka, maana aghalabu huandikwa ubavuni. Kutu ilikuwa imekwisha kuyala maandishi. Ila pale panapogongwa pametakata, panang'aa kama fedha.