Ugonjwa Sugu wa Figo kwa Mbwa Wachanga

Ugonjwa sugu wa figo kwa mbwa wachanga ni hali ambayo figo za mnyama aliye bado katika umri wa kukua hupoteza hatua kwa hatua uwezo wa kuchuja taka za damu, kuhifadhi maji ya mwili na kusawazisha madini. Kila figo ya mbwa ina vichujio vidogo sana vipatavyo laki nne, viitwavyo nefroni, ambavyo hukamilika kuumbika wiki chache baada ya kuzaliwa. Kwa kuwa vilivyokufa havioti tena, matunzo ya mbwa huyu hulenga kuvilinda vilivyosalia na kumwondolea mnyama mateso.

Sababu

Mbwa mzee huugua figo kwa kuchakaa, lakini kwa mbwa mchanga chanzo mara nyingi ni cha kuzaliwa. Katika displasia ya figo, yaani kuumbika vibaya kwa tishu za figo, ambayo hujulikana zaidi kwa aina za Shih Tzu na Lhasa Apso, sehemu ya nefroni hubaki bila kukomaa. Kwa mbwa wa aina ya Samoyed, kasoro ya jeni iliyo kwenye kromosomu ya X hudhoofisha kolajeni, ambayo ni protini inayojenga utando wa kuchujia, na kwa sababu hiyo madume huathirika vibaya zaidi na kwa kawaida hufa kabla ya kutimiza miezi 15 au karibu na umri huo.

Sababu nyingine hupatikana baada ya kuzaliwa. Miongoni mwake ni sumu, kama vile zabibu, vidonge vya ibuprofen na kipozeo cha rejeta ya gari, pamoja na bakteria wa Leptospira wanaoenezwa na mkojo wa panya na wa wanyama wengine, ambao pia husababisha kwa binadamu ugonjwa uliopewa jina la homa ya mgunda nchini Tanzania baada ya mlipuko wa mwaka 2022 mkoani Lindi.

Dalili na utambuzi

Mbwa hudumaa, hukonda, hukojoa mkojo mwingi usio na rangi na hunywa maji kupita kiasi, yaani zaidi ya mililita 100 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Baadaye hutapika, hukataa chakula, hupata vidonda na harufu kali mdomoni, na fizi zake hupauka. Kwa walio bado kukua, mwili hunyonya madini kutoka mifupani hata taya zikawa laini. Dalili hizi huchelewa kwa sababu mkojo huanza kuwa mwepesi pale theluthi mbili ya nefroni zinapokuwa zimekwisha kufa, na taka hujikusanya katika damu inapobaki takriban robo tu.

Daktari wa mifugo hupima mkojo, shinikizo la damu na kiwango cha kreatinini, ambayo ni taka itokanayo na misuli. Katika mfumo wa hatua nne wa IRIS, unaotumiwa na madaktari wa mifugo duniani, kiwango kinachozidi mikromoli 440 kwa lita huashiria hatua ya nne, iliyo kali kuliko zote. Hata hivyo, mtoto wa mbwa ana misuli michache, hivyo kipimo chake chaweza kuonekana kizuri ilhali figo zimekwisha kuharibika.

Matunzo

Maji safi yawepo usiku na mchana, kwani kumnyima mbwa maji ili asikojoe ndani ya nyumba huharakisha kifo chake. Asiyeweza kunywa vya kutosha huongezewa maji ya dripu chini ya ngozi, kazi ambayo mwenye mbwa anaweza kufundishwa na kuifanya nyumbani.

Chakula ndicho nguzo ya matunzo, na hapa ndipo pana ugumu wa pekee: fosforasi lazima ipunguzwe, lakini protini isipunguzwe kama kwa mbwa mzee, kwa sababu mwili unaokua unaihitaji. Mazoea ya kumlisha ugali kwa dagaa au mifupa hayamfai, kwa kuwa vyote viwili vina fosforasi nyingi. Wali na ute wa yai vina kidogo, ingawa peke yake havitoshelezi lishe, hivyo mlo upangwe na daktari. Fosforasi ikizidi kupanda, hutolewa dawa ya kuinasa tumboni, kama vile aluminiamu hidroksaidi, ambayo hufanya kazi ikitolewa pamoja na chakula. Maropitant huzuia kutapika, na benazepril hupunguza protini inayopotea katika mkojo. Diclofenac, ibuprofen na gentamicin zisitumiwe, kwa kuwa huumiza figo.

Matarajio na kinga

Anayegunduliwa katika hatua ya pili anaweza kuishi miaka kadhaa kwa matunzo mema. Aliyefika hatua ya nne huishi muda mfupi, na akiacha kula na kutulia, kumfisha bila maumivu ni tendo la huruma. Chanjo ya leptospirosisi na kudhibiti panya huzuia sehemu ya maradhi haya. Ya kurithi huzuiwa na mfugaji peke yake, naye anawajibika kupima jeni pale kipimo kinapopatikana na kutowazalisha mbwa waliozaa watoto wenye ugonjwa huu.