Lupita San Diego, sisi Bungoma

Leo naiweka kando programu ninayoiandika, nizungumzie historia ya tangazo moja.

Jumamosi tarehe 23 Julai 2016, jioni ya San Diego, Marekani, Lupita Nyong'o alipanda jukwaani Comic-Con, kongamano la mashabiki wa vitabu vya katuni na sinema. Ukumbi ule, unaoitwa Ukumbi H, huchukua watu wapatao 6,500. Ndipo ilipothibitishwa kwamba angeigiza katika Black Panther. Sisi tuko mbele yao kwa saa 10, kwa hivyo hapa Kitale ilikuwa Jumapili alfajiri. Kabla watu hawajatoka kanisani nilikuwa nimeipata video. Nikaitia kwenye flashi, na wiki hiyo nikaipeleka Bungoma kwa rafiki yangu mwenye ukumbi wa video. Akaionyesha kabla ya muvi ya siku. Makofi yalivyopigwa! Binti wa Nyong'o!

Sasa tazameni mtambo huu ulivyoundwa. Agosti 1970 kongamano hilo lilikuwa na watu kama 300 tu, wapenzi wa katuni. Mwaka 1976 wakaja watu wa Star Wars kuinadi sinema ambayo ingetoka 1977. Mwaka 2007 Robert Downey Jr. akaja kuipigia debe Iron Man, na 2013 Tom Hiddleston akapanda jukwaani amevaa kama Loki, akiongea kama Loki. Studio zilikuwa zimegundua jambo: shabiki ni mtangazaji asiyedai mshahara. Ni kama programu inayojinakili yenyewe. Waambie watu 6,500, nao wataambia dunia nzima, mpaka mimi na flashi yangu kwenye matatu ya Webuye.

Lakini mtambo ulinakili tangazo tu. Sinema yenyewe haikusafiri hivyo. Black Panther ilipotoka Februari 2018, wateja wa rafiki yangu walimuuliza kila siku: "Lini?" Naye alishaletewa nakala ya wizi. Tukagombana. Mimi huishi kwa kuuza programu, na najua uchungu wa kukuta kazi yako inauzwa na mtu usiyemjua. Nikamwambia asiionyeshe. Akanijibu: "Walitutangazia, hawakutuletea. Hata wewe uliwafanyia kazi bure."

Sikuwa na jibu.

Mwishowe tukapanda matatu, tukapitia Kakamega hadi Kisumu, kaunti ambayo babake Lupita, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa gavana wake tangu 2017. Nauli ilizidi bei ya tiketi. Lupita alipotokea kwenye kioo akiwa Nakia, jasusi wa Wakanda, ukumbi mzima ulishangilia, na rafiki yangu aliyekuwa amenuna njia nzima akasimama kabisa!

Tukirudi usiku akaniuliza: wale wateja wake wa shilingi chache, nao wapande matatu ya nani?

Sinema hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Bado naamini nakala ya wizi ni wizi. Ila siku hizi nikiandika programu, kabla ya kuitangaza najiuliza kwanza kama mtu wa Bungoma ataweza kuilipia na kuipata. Kama hawezi, tangazo langu ni kumchokoza tu.

Haya, tutaonana tena.