Mota Iliyokuja Kusaidia Mguu

Tarehe 2 Oktoba 2008, siku India inapokumbuka kuzaliwa kwa Mahatma Gandhi, wakubwa wa serikali walikwenda Chandni Chowk, mtaa wa soko katika Delhi ya kale, kuzindua riksho. Alikuwepo Waziri wa Sayansi, Kapil Sibal, ambaye ndiye pia aliyekuwa mbunge wa eneo hilo, na Waziri Kiongozi wa Delhi, Sheila Dikshit. Chombo chenyewe kilipewa jina la Soleckshaw. Kilikuwa na magurudumu matatu, kiti cha abiria nyuma na pedali mbele, kama maelfu ya riksho nyingine zilizokuwa zikipita hapo siku hiyo. Tofauti ni kwamba hiki kilibeba betri ya volti 36 na mota ndogo. Betri ingechajiwa kwenye kituo cha umeme wa jua, na ikiisha dereva angeiacha hapo na kuondoka na iliyojaa. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 15 kwa saa. Wahandisi wa CMERI, taasisi ya utafiti ya serikali iliyoko Durgapur, Bengal Magharibi, hawakutaka kumwondoa mtu kwenye pedali. Walitaka asiumie.

Matumaini yalikuwa kwamba wageni wa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2010 wangezikuta zimejaa mjini. Badala yake, karibu na wakati huohuo Delhi ilianza kupokea riksho ya umeme nyingine kabisa, ambayo hakuna waziri aliyeikatia utepe. Ilifika vipandevipande ndani ya makontena kutoka China, ikaunganishwa kwenye karakana za vichochoroni, na haikuwa na pedali. Baada ya miaka michache zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Soleckshaw ikabaki kwenye picha za uzinduzi.

Mtu akisikia habari hiyo haraka anaweza kudhani wahandisi walikosea hesabu. Hawakukosea. Mtu mzima mwenye afya, akinyonga kwa saa nyingi mfululizo, hutoa wati 75 hadi 100 hivi. Riksho tupu ina uzito wa kilo 80 au 90. Weka abiria wawili na mwendeshaji mwenyewe, umeshafika kilo 270. Kwenye lami tambarare, kwa kilomita 10 kwa saa, mzigo huo unadai karibu wati 100, yaani kila kitu alichonacho. Sasa mlete kwenye mwinuko mdogo wa daraja, mita 3 tu kwa kila mita 100. Zinadaiwa wati nyingine zaidi ya 200 juu ya zile za kwanza, na hakuna mapaja ya binadamu yanayoweza kuzitoa siku nzima. Ndiyo maana darajani utamwona ameshuka, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika ukingo wa kiti cha abiria, anasukuma kwa miguu huku abiria wametulia juu. Na taa zinapowaka kijani, kwa kuwa gia ni moja tu, husimama juu ya pedali kwa uzito wote wa mwili ili gurudumu lianze kuviringika. Mota ya wati 250 inaziba pengo hilo karibu sawasawa.

Wala wazo halikuwa geni. Linapita umri wa riksho ya pedali yenyewe. Mnamo Aprili 1881, kwenye mtaa wa Valois jijini Paris, fundi Gustave Trouvé alifunga mota na betri kwenye baiskeli ya magurudumu matatu iliyoundwa Uingereza, ya mtindo wa James Starley wa Coventry, na ikatembea. Wanahistoria wengi wa magari ya umeme huanzia hapo. Kwa maneno mengine, gari la kwanza la umeme la kubeba mtu lilikuwa baiskeli ya matatu iliyoongezewa mota. Trouvé mwenyewe hakukaa nalo. Wiki chache baadaye alikuwa ameipeleka mota yake kwenye mashua katika mto Seine. Mwaka uliofuata William Ayrton na John Perry walitembeza ya kwao jijini London, yenye taa za umeme. Kisha injini ya petroli ikaja, na jambo lote likawekwa kabatini kwa karibu miaka mia moja.

Upande wa Asia ulikuwa na safari yake. Riksho ya kuvutwa kwa mikono ilianzia Tokyo mwishoni mwa miaka ya 1860, ikasambaa Shanghai, Singapore na Kolkata, na hata Nairobi ya mwanzo wa karne iliyopita ilikuwa nazo, Waafrika wakivuta na Wazungu wakivutwa. Ya pedali ilichipuka Asia ya Kusini na Mashariki kati ya vita viwili vya dunia. Dhaka, katika Bangladesh ya leo, iliipata kupitia Kolkata. Inaelezwa kwamba wafanyabiashara wa Kizungu wa jute waliileta Narayanganj, karibu na Dhaka, mwaka 1938 kwa matumizi yao wenyewe, na mwaka 1941 jiji zima la Dhaka lilikuwa na riksho 37. Watawala wa baadaye wengi waliziona kuwa aibu. Jakarta ilizikamata becak zake, yaani riksho za pedali, kwa maelfu katika miaka ya 1980 na kuzitupa baharini, kwenye ghuba ya jiji.

Waliojaribu kuziboresha badala ya kuzizamisha walikuwa wachache. Mmoja ni Anil Rajvanshi, mhandisi wa taasisi ya NARI katika mji mdogo wa Phaltan, Maharashtra. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikundi chake kilikuwa kimeunda aina tatu: riksho ya pedali iliyoongezewa gia na breki bora, riksho ya pedali yenye mota ya kusaidia, na ya tatu inayokwenda kwa umeme mtupu. Naona hapo ndipo penye historia nzima, kwa sababu karakana moja ya Phaltan iliziweka njia tatu mbele ya India, na mtaa ukachagua ya tatu bila kumwomba Rajvanshi ushauri wala michoro.

Ukitaka kujua sababu, acha mota na utazame hesabu. Nasema hesabu kwa maana ambayo dereva yeyote wa bajaji wa Dar es Salaam anaijua: ile pesa ya kila siku inayopelekwa kwa tajiri, uwe umepata abiria au hukupata. Kanuni za Delhi za 1960 zilitaka mwenye riksho awe ndiye anayeinyonga, na baadaye idadi ikafungiwa kwenye 99,000. Mtaani mambo yalikuwa mengine. Matajiri walimiliki riksho kwa makumi, wavuja jasho kutoka majimbo ya Bihar na Uttar Pradesh wakazikodi kwa siku, na polisi wakaishi kwa kukamata zisizo na kibali. Chama cha Manushi cha mwanaharakati Madhu Kishwar kilipeleka jambo hilo mahakamani, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Delhi ikafuta ukomo huo wa idadi.

Katika mpango wa namna hiyo, mota ya kusaidia inamfaa nani? Chombo kinakuwa ghali zaidi, kwa hiyo tajiri anapandisha hesabu. Viti vinabaki viwili, mwendo unabaki wa kilomita 15. Dereva anapata nafuu ya magoti, jambo kubwa, lakini haliingizi rupia mfukoni, na jioni tajiri hapokei magoti. Riksho ya Kichina ilikuwa na benchi mbili zinazotazamana, watu wanne bila kubanana sana, na zaidi ya wanne wakibanana. Ilisimama nje ya kituo cha metro na kwenda njia moja kwa nauli ya kiti, kama daladala. Dereva alilipa hesabu kubwa na bado akabakiwa na kitu. Mzee wa miaka hamsini na tano aliyekuwa ameshindwa kunyonga akarudi barabarani. Mimi siwezi kumlaumu.

Sheria nayo ilifungua mlango bila kukusudia. Kanuni za magari za India zilisema chombo cha betri chenye mota isiyofika wati 250, na kisichofika kilomita 25 kwa saa, hakihesabiwi kuwa gari. Hakidai leseni, namba wala bima. Waagizaji wakasema riksho zao ziko chini ya kiwango hicho. Watafiti wa taasisi ya TERI walipozipima kwa niaba ya serikali ya Delhi walikuta mota za zaidi ya wati 600.

Linganisha na kwingine. Japani mwaka 1993 Yamaha ilianza kuuza baiskeli ambayo mota yake hupima nguvu ya mguu na kuongeza juu yake. Mguu ukitulia, mota nayo inatulia. Berlin mwaka 1997 ilianza kuona Velotaxi, riksho yenye bodi ya plastiki mviringo kwa abiria wawili, nayo ikapata mota ya kusaidia. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ukaandika kanuni yake: wati 250, kilomita 25 kwa saa. Tarakimu ni zilezile za India. Ulaya iliongeza sharti moja tu, kwamba mota ifanye kazi pale mtu anaponyonga. Sharti hilo ndilo lililoiweka pedali hai Berlin. Delhi halikuwepo, na hapakuwa na sababu ya fundi yeyote kufunga cheni na pedali ambazo hakuna mtu angezikanyaga.

Julai 2014 mambo yaliiva Delhi. Wiki chache baada ya Waziri wa Usafirishaji, Nitin Gadkari, kuwaahidi madereva kwamba riksho zao zitahalalishwa, riksho ya umeme ilimgonga mama mmoja eneo la Trilokpuri, mtoto aliyembeba akaangukia karai lililokuwa likichemka kando ya barabara, akafa. Tarehe 31 Julai Mahakama Kuu ikazipiga marufuku. Maelfu ya familia zilikosa riziki siku hiyo. Oktoba serikali ikatoa kanuni mpya: mota hadi wati 2,000, mwendo usiozidi kilomita 25 kwa saa, abiria wanne, mizigo kilo 40. Mwaka 2015 Bunge likarekebisha sheria ya magari. Riksho ya umeme ikawa gari halali, na riksho ya pedali yenye msaada wa umeme haikuwa na mtetezi tena Delhi.

Dhaka ilifika kwenye umeme kwa mlango wa nyuma. Huko manispaa ilikuwa imesimamisha leseni mpya za riksho tangu miaka ya 1980, lakini riksho hazikuacha kuongezeka kwa sababu hiyo. Mahajan, ndivyo wanavyomwita tajiri wa gereji, hakusubiri kontena. Alichukua riksho ileile ya zamani, yenye fremu ya chuma, hudi ya kukunja na michoro ya waigizaji na tausi mgongoni, sanaa ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2023, akamwambia fundi achomelee mota karibu na ekseli na kupanga betri chini ya kiti cha abiria. Mara nyingi pedali ziliachwa zilipo. Dereva huweka miguu juu yake kama mtu anayepumzika.

Hatari iko kwenye breki. Riksho ya pedali ya Bangladesh kwa kawaida ina breki ya gurudumu la mbele tu: vipande viwili vya mpira vinavyobana ringi kwa wenzo wa usukani. Kwa kilomita 10 kwa saa inatosha. Ukiongeza mwendo hadi 25, nguvu inayopaswa kuzimwa inazidi mara sita, achilia mbali uzito wa betri. Tena chombo cha magurudumu matatu hakiinami kwenye kona kama baiskeli. Msukumo wote wa upande unaangukia spoki, na spoki hizo ni za baiskeli. Wanaosema riksho ya betri ya Dhaka ni hatari hawasemi uongo, ila umeme hauna kosa hapo. Kosa ni kumpa mzee wa fremu ya 1938 miguu ya kijana.

Betri zenyewe ni za risasi na asidi, wajukuu wa betri aliyobuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Zikichajiwa ovyo kila usiku huchoka mapema, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja, na za zamani huishia kwa wayeyushaji wa uani wanaopasua maganda kwa shoka na kuyeyusha risasi mahali pa wazi. Watoto wa vijiji vya jirani Bangladesh wamekutwa na sumu hiyo kwenye damu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, hawahitaji kuelezwa: kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu jirani yao kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Novemba 2024 Mahakama Kuu ya Bangladesh iliagiza riksho za betri ziondolewe barabara za Dhaka ndani ya siku tatu. Madereva wakafunga barabara na reli, na kabla ya wiki kwisha Mahakama ya Rufaa ikaagiza hali ibaki ilivyo kwa muda. Tangu hapo wahandisi wa chuo kikuu cha BUET wamechora riksho mpya yenye breki za haidroliki kwenye magurudumu yote matatu, na serikali inataka ichukue nafasi ya zile za kuchomelea. Breki hizo zina gharama, na dereva hamiliki chombo. Atakayeamua kuzinunua ni mahajan, na kwa sasa gereji yake imejaa riksho za zamani ambazo bado zinamletea hesabu kila jioni.